Redio ya Mtumbwini

Mimi nasema sana. Naliweka hili mezani mapema, asije mtu akadhani ananifichua. Pale ukingoni tunapofunga mitumbwi wananiita Redio, na mvuvi mwenzetu tunayemwita Mapengo huongeza kwamba ni redio iliyong'oka kitufe cha kuzimia. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye ubao wa nyuma wa mtumbwi wetu, upondo wa kusukumia mkononi, mume wangu amesimama mbele na ufito wake wa kuvulia, nami nasema. Nasema ya jirani aliyehama bila kuaga, nasema ya shemeji yangu na meno yake mapya, nasema kila ninachokiona majini: kisiki hicho kushoto, mapovu yale pale, majani yametikisika na upepo haupo.

Bwawa letu lilitokea mto ulipozibwa kwa ajili ya umeme, na upande wetu ndio wenye kina kifupi. Maji yanafika kiunoni, panapozidi sana ni kifuani. Chini kumejaa visiki vya miti iliyokatwa kabla maji hayajapanda. Nyavu haziruhusiwi huku kwa sababu samaki huja kuzaa, ni ndoana tu. Kwa hiyo sisi tunamtafuta samaki mmoja mmoja, tunamwona kabla hajatuona, na tunamwekea chambo karibu na mdomo. Wa mbele anatupa, wa nyuma anasukuma. Mtumbwi ukigonga kisiki, hameni, maana kila samaki aliyekuwa pale amekwisha kwenda zake.

Miaka yote hiyo mume wangu alikuwa na neno moja kwangu. "Nyamaza," anasema, "unafukuza samaki." Nami nanyamaza, nahesabu moyoni mpaka kumi, kisha naendelea nilipoishia. Ilikuwa kama sala yetu ya asubuhi. Halafu, yapata miaka miwili iliyopita, akaacha. Nilisema asubuhi nzima hakuninyamazisha. Kesho yake vilevile. Nikawatangazia wanawake wenzangu kwamba mume anafundishika, inataka subira tu, na nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Mashine ililetwa na mkwe wetu, mume wa binti yetu mkubwa. Ni fundi wa simu mjini, kijana mpole, mikono yake ina harufu ya waya ulioungua. Alikuja Jumamosi na maboksi mawili na betri nzito, akavua viatu, akaingia mtumbwini na bisibisi mdomoni. Alifunga kioo kikubwa kama sinia dogo karibu na magoti ya mume wangu, kikiwa kimeinama kidogo ili hata mimi nyuma nikione. Ubavuni mwa mtumbwi akafunga mti wa chuma, na mwisho wa mti huo, chini ya maji, kitu cheusi alichokiita kichwa.

"Hiki kichwa kinatoa sauti, Mama," akanieleza. "Sikio letu haliisikii. Sauti inagonga kitu, inarudi, mashine inachora. Na haichori cha jana, inachora kinachotokea sasa hivi. Samaki akitikisa mkia, unamwona anatikisa."

"Na samaki naye haisikii?"

"Haisikii, Mama."

"Umemuuliza?"

Mume wangu akacheka. Mkwe akatabasamu kwa adabu na kuendelea. Alisema kwenye maji marefu kichwa huelekezwa mbele na chini, lakini huku kwetu ukifanya hivyo utatazama matope mpaka ulale. Kwenye kina kifupi unakilaza ubavu, nacho kinatandaza picha kushoto na kulia, kama mtu anayeangalia shamba akiwa juu ya paa. Umbali usizidi mita kumi na mbili. Nguvu ya sauti unaipunguza, la sivyo kila jani litajifanya samaki. Na ukitaka kupima umbali vizuri, kuna kitufe pembeni, ukikibonyeza picha inasimama, vijistari viwili vyekundu vinatokea kwenye kona. Ukikibonyeza tena inaendelea.

Nisiwe mnafiki, nilipoona picha ile mara ya kwanza nilinyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Weusi mtupu, na juu yake rangi ya chungwa. Visiki vilikaa imara, kila kimoja na kivuli chake. Samaki walikuwa kama punje za mchele, punje zinazotembea. Wawili walikuwa wamekaa kwenye shimo lao wanalinda mayai, hawasogei. Wa tatu alikuwa mrefu, kambare, anapita kati ya visiki kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Maji niliyoyasukuma miaka yote, leo nayaona ndani.

"Kulia, Baba, mita sita," mkwe akasema. "Rudi kidogo. Hapo." Mume wangu akatupa. Nukta ndogo ikashuka kwenye kioo, ile punje ndefu ikageuka, ikaifuata, na ufito ukapinda. Siku hiyo tulirudi na kambare wanne, na Mapengo akaja kuwashika mmoja mmoja kama mtu anayekagua noti bandia.

Tulipokuwa tunafunga mtumbwi, mkwe akasema lile alilokuja kulisema. "Mwisho wa mwezi naleta mota ndogo ya betri. Inafungwa mbele, inaendeshwa kwa mguu, haina kelele. Hapo Baba anaenda peke yake, mashine inaona, mota inasukuma. Mama upumzike, binti yako anasikitika sana na hayo magoti."

Magoti yangu ni kweli yanavimba. Lakini magoti ni yangu. Nikamtazama mume wangu, nikisubiri aseme mtu wa nyuma ni mke wangu, si mota. Alikuwa anakunja mshipi, kichwa chini.

"Tutaona," akasema.

Basi. Miaka ishirini na sita, na jibu ni tutaona. Na betri yenyewe walikuwa wameiweka wapi? Juu ya ubao wangu. Nilibakiwa na nafasi ya nusu tako, nusu nyingine inaning'inia. Nilirudi nyumbani nimevimba kuliko magoti.

Jumatatu nikagoma. Sikukataa kwenda, nilikataa kusema. Kama mashine ndiyo inayoona, mashine na iseme. Nilisukuma upondo, macho kwenye kioo, mdomo nimeubana.

"Leo vipi?" mume wangu akauliza baada ya muda.

"Vipi nini?"

"Kimya."

"Kuna mashine," nikamjibu, na nikarudi kwenye mgomo wangu.

Siku hiyo tuligonga visiki vitatu. Mimi nasukuma, lakini ni yeye wa mbele anayenyoosha mkono kuonyesha njia, na mkono wake ulituelekeza kwenye visiki kama vile ana miadi navyo. Akitupa ndoana, inaangukia kwenye majani. Kwenye kioo niliona samaki watano, sita, wamepangana kulia kwetu, yeye anatupa kushoto. Jumanne ikawa mbaya zaidi. Tulipata sato mmoja, mdogo, tukamrudisha kwa aibu. Mapengo akatupokea ukingoni na kicheko chake cha meno manne: "Redio leo imekata matangazo, na samaki nao wamegoma?"

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilidhani mashine imemshinda, amezeeka kujifunza, na mkwe atakapopiga simu atasikia habari hizo na kuisahau mota yake. Nililala vizuri.

Jumatano maji yalikuwa ya kupendeza, maangavu, hayana hata mkunjo. Tulikuwa kwenye ghuba ndogo ambako visiki vimesongamana. Mume wangu aliinama akapangusa matone kwenye kioo kwa kiganja, na katika kupangusa akagusa kile kitufe cha pembeni. Nikaviona vile vijistari viwili vyekundu vinatokea kwenye kona. Picha ikasimama. Nilitaka kumwambia, nikakumbuka nimegoma, nikauma ulimi.

Upepo mdogo ukatusogeza. Kisiki tulichokuwa nacho kulia kikapita, kikabaki nyuma. Kwenye kioo bado kilikuwa kulia.

"Namwona," mume wangu akasema, amekitazama kioo. Nadhani kimya changu kilikuwa kimemchosha, na alitaka kunionyesha kwamba mambo yanakwenda. "Mkubwa. Anakuja."

Nikakitazama kioo. Hapakuwa na samaki. Palikuwa na kisiki, kimoja, kimesimama, na kivuli chake.

"Anafanya nini?" nikauliza. Neno langu la kwanza tangu Jumatatu.

"Anageuka. Taratibu. Sasa anaelekea kushoto. Amekiona chambo."

Nilikuwa nimeshika upondo kwa mikono yote miwili, nimeubana kifuani.

"Nimekunyooshea vidole vingapi?" nikamwuliza.

Akageuka, uso wake ukanielekea. "Usinifanye mtoto."

"Vingapi?"

Akakaza macho. Nikamwona anavyonitafuta, nami niko hatua nne tu kutoka kwake, jua limenipiga usoni.

"Vitatu," akasema.

Sikumwambia kitu. Nadhani alilisikia jibu katika kule kutokuambiwa. Akakaa chini, ufito mapajani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Jicho la kulia, mwaka juzi. La kushoto likafuata. Ni kama kuangalia kupitia mvuke wa sufuria. Mwanga naona. Kioo hiki naona kinang'aa, basi."

"Na samaki wote wale wa miaka miwili? Ulikuwa unawavuaje?"

"Wewe si unasema," akajibu, kama vile nimeuliza jambo la kijinga. "Kisiki kushoto. Mapovu kulia. Majani yanatikisika. Ukianza habari za jirani, najua maji ni matupu. Ukikata neno katikati, najua umemwona samaki, natupa ulikokuwa unaelekeza sauti."

Kumbe sikumfundisha mume. Kumbe nilikuwa fimbo yake ya kipofu, na mimi natamba kwa majirani. Iliniuma, na papo hapo nikaona furaha ya ajabu, vyote viwili kwa mpigo, nisijue kipi nikitoe kwanza. Nikakimbilia hasira, ndiyo niliyokuwa nayo karibu.

"Na ukakaa kimya! Mwaka juzi! Ningekupitisha juu ya kisiki tukazama wote!"

"Wakijua watanitoa majini," akasema. "Na watanipeleka kwa wenye visu. Mimi kisu jichoni sitaki." Kisha, kwa sauti ya chini: "Usimwambie binti yetu."

"Simwambii," nikasema. Nikanyoosha upondo, nikabonyeza kile kitufe kwa ncha yake, picha ikaendelea. Samaki watatu walikuwa wanapita mbele yetu. "Kulia," nikasema. "Mita nane. Wanakuja pamoja, huyu wa mwisho ndiye mnene. Tupa mbele yake. Zaidi. Hapo, hapo, usivute."

Akamtoa.

Wiki mbili zilizofuata sijawahi kuvua vile maishani. Zamani nilisema nilichokiona juu ya maji, sasa nilisema kilichomo ndani. "Ameona. Anafikiri. Mwache afikiri. Amegeuza uso, huyu ana kiburi kama shemeji yangu. Anarudi. Mdomo huo! Vuta!" Mume wangu alikuwa anatupa kama kijana, amenyooka, masikio yamesimama. Mkwe alipiga simu akasema, "Si niliwaambia?" nami nikamwambia mashine yako ni kiboko, mwanangu, Mungu akuzidishie. Mapengo akaanza kuulizia zinauzwa wapi.

Na hapa niseme wazi, kwa kuwa nilianza kwa kutoficha. Nilikuwa na raha. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: mota ikija, mume wangu atatafuta sababu ya kuikataa, maana mota haisemi. Macho yake yakiwa vile, kiti changu hakuna wa kukigusa. Yakipona, ana mashine, ana mota, ana nini tena cha kunihitaji? Alishawahi kuona miaka ishirini na minne, na kwa miaka yote hiyo aliniambia ninyamaze. Nililijua hilo kila asubuhi nikiusukuma mtumbwi, na kila asubuhi nilimeza mate nikasema, tutaona. Neno lake lilinifaa vizuri.

Binti yetu akaja Jumapili na mtoto wake mdogo, wa miezi saba, mtoto wa kike mwenye mashavu mpaka mabegani. Mume wangu alimpakata mchana mzima. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, dirisha liko wazi, nao wako kibarazani, binti yetu amelala ndani kwa uchovu. Nikamwona anapitisha kidole kwenye uso wa mjukuu. Paji la uso, pua, kidevu. Akarudia. Mtoto akakikamata kidole akakitia mdomoni.

Baadaye akaja jikoni akipapasa ukuta kwa namna ambayo sasa niliiona kila mahali, nikashangaa nilikuwa naangalia wapi.

"Amefanana na nani?" akauliza.

"Nani?"

"Mjukuu wako."

"Ana pua yako. Maskini."

Akacheka, kisha akasimama pale, kitambaa cha vyombo mkononi, hajui cha kukifanyia. "Akicheka," akasema, "anakunja jicho moja kama mama yake alivyokuwa?"

Nilisema ndiyo. Nilisema anakunja jicho la kushoto, na ulimi unatoka kidogo. Nilisema yote, mpaka shimo la kidevu. Kwa mara ya kwanza nikaona maneno yangu hayatoshi, na mtoto yuko mkekani pale kibarazani, hatua sita, na jua linawaka. Nikaliacha sinia ndani ya maji. Nikaenda kumwamsha binti yetu.

Mume wangu alikasirika. Hakunisemesha siku tatu, ingawa kwa mtu mwenye maneno machache kama yeye tofauti haikuonekana sana. Binti yetu alilia, kisha akapanga mambo, ndivyo alivyo. Daktari wa macho, mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alimtazama dakika tano akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alishangaa mtu huyu alikuwa anafanyaje kazi.

"Nilikuwa nasikiliza redio," mume wangu akamjibu, na hapo nikajua amenisamehe.

Asubuhi ya kisu alinishika kiwiko kwenye korido nyeupe ya hospitali. "Sema kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Chochote."

Nikaanza na Mapengo, jinsi alivyonunua meno ya bandia na kuyaangusha bwawani siku hiyohiyo, na sasa anataka kuazima mashine yetu ayatafute. Muuguzi akaja, akamchukua, mlango ukafungwa. Mimi nikaendelea kuusimulia mlango. Mlinzi alinitazama, nikamwambia atazame mambo yake.

Jicho la kwanza lilifunguliwa kesho yake. Aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake, akaniangalia mimi. Alichukua muda wake.

"Umezeeka," akasema.

"Ulitegemea nini?"

"Miaka miwili umenisimulia kila kitu. Hilo hukulisema."

Nilimpiga kwa mkoba. Kisha nikalia, na yeye akasema daktari amekataza kulia, nikamwambia amekukataza wewe, si mimi.

Jicho la pili lilifuata baada ya mwezi. Daktari alipomruhusu kurudi majini, mkwe akaja na ile mota aliyokuwa ameiahirisha. Akaifunga mbele, akamfundisha, na mume wangu akaielewa kwa nusu saa, mguu mmoja kwenye kikanyagio, macho kwenye kioo, anazunguka visiki bila kuvigusa. Nilikuwa nimesimama ukingoni. Alipita karibu na mimi akiwa peke yake mtumbwini, ametulia, ameona kila kitu, na betri ya mashine pamoja na betri ya mota zimekaa kwenye ubao wangu zote mbili. Hapakubaki hata nafasi ya nusu tako.

"Umeona, Mama?" mkwe akasema. "Sasa pumzika."

"Nimeona," nikasema.

Jumatatu yake nilimsikia anaamka alfajiri. Sikuamka. Nilimsikia anatafuta kofia, anafungua mlango, anasimama. Alisimama muda. Kama angeniita ningeenda, na kama ningesema ninakuja angenisubiri, lakini yeye si mtu wa kuita na mimi kwa mara moja katika maisha yangu sikuwa na la kusema. Mlango ukafungwa.

Nikaamka nikafagia. Nikachemsha maji bila kujua ya nini. Nililiambia birika kwamba ni sawa, kila kitu kina mwisho wake, magoti haya yangeniangusha siku moja. Birika halikujibu, na nikajionea huruma mpaka nikakasirika. Nilifanya jambo zuri, nikajiambia. Mbona basi linauma kama nimefanya baya?

Jua halijapanda juu ya paa nikasikia hatua. Alikuwa mlangoni mwa jikoni, suruali imelowa mpaka magotini, mikono mitupu.

"Mota imekufa?" nikauliza.

"Nzima."

"Mashine?"

"Nzima. Nimehesabu samaki kumi na mmoja."

"Wako wapi?"

"Sikutupa."

Nilimtazama. Alikuwa anakwaruza matope kwenye kiganja, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Kile kisiki cha kwenye ghuba," akasema. "Ulichokuwa unasema kimekaa kama mwanamke anayesuka nywele. Nimekwenda kukitazama. Hakifanani hata kidogo."

"Kinafanana."

"Hakifanani."

"Umekitazama upande gani?"

"Upande wa mbele."

"Upande wa mbele! Nani alikwambia mbele? Ni kutokea nyuma, ukiwa umekaa nyuma, na jua liko kushoto."

"Njoo unionyeshe, basi," akasema. "Betri nimezihamishia mbele."

Sikubadilisha hata nguo. Ubao wangu ulikuwa mtupu, ameupangusa, na upondo umelazwa mahali pake ubavuni. Mapengo akapiga kelele kutoka mtumbwini kwake kwamba redio imerudi hewani, nikamwambia atafute meno yake. Mota hatukuiwasha. Nilisukuma, magoti yakalia, nikayaacha yalie. Kisiki nilimwonyesha. Alikitazama sana, akainamisha kichwa, akakubali kwamba labda, kwa mbali, kinasuka.

Tukaingia kwenye maji mafupi. Picha ikatandaa kushoto na kulia, na punje zikaanza kutembea. Yeye akasimama mbele, ufito juu, macho yake mapya yako kwenye kioo, anaona yote anayohitaji kuona. Mimi nikaanza na jirani yetu aliyehama bila kuaga, kwamba kumbe ameonekana mjini, na si peke yake.

"Nyamaza," mume wangu akasema, hakugeuka. "Unafukuza samaki."

Nikanyamaza. Nikahesabu mpaka kumi.